Sparadra Mbili Kwenye Macho ya Gari

Kwa muda mrefu gari langu lilinigombeza kila asubuhi, na mimi sikujua nimelikosea nini. Nikiwasha tu, mwanamke aliyemo ndani ya redio anasema maneno yake ya Kijapani, kwa sauti nyororo kama ya mhudumu wa benki ambaye hana nia ya kukusaidia. Kisha mbele yangu inawaka taa ya rangi ya chungwa, yanatokea maandishi yao yale ya vijiti vijiti, na kengele inalia mara kadhaa. Natoka mtaani kwetu Ngagara nikiwa nimeshakasirika, na siku yenyewe haijaanza.

Mama yangu, yeye, alikuwa anamjibu yule mwanamke. Alikaa kiti cha kushoto, maana gari hili usukani wake uko kulia, kama mengi tunayoletewa kutoka Japani kupitia Dar es Salaam. Mwanamke akimaliza kusema, mama anainamisha kichwa kidogo: "Na we pia, mama. Tumeamuka." Nilimwambia yule si mtu, ni mashine. Akasema salamu inarudishwa kwa sababu ni salamu, mambo ya nani kaitoa ni yangu mimi niliyesoma. Mama alikulia mtaa wa Buyenzi, kwa Waswahili, na alipoolewa akahamia kwenye nyumba hizi za wafanyakazi wa serikali, alihama na Kiswahili chake na ubishi wake. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mwanamke yule alikuwa anaulizia kadi ya kulipia barabara za kwao. Mama hakuwahi kujua, na sidhani angebadilisha jibu.

Tulikuwa tunasafiri pamoja kwa sababu ya mguu wake. Sukari ilikuwa imemfungulia kidonda chini ya unyayo, na kila baada ya siku chache nilimpeleka dispensari Rohero, karibu na ofisi yangu, akafungwe upya. Mkobani mwake havikukosekana rozari, kitambaa cha mkono, mkasi mdogo, na roli ya sparadra, ile plasta nyeupe ya kushikilia bandeji. Alikuwa akiikata mwenyewe nyumbani bandeji ikilegea, bila kumwomba mtu.

Ile taa ya chungwa ilinitesa. Kijana mmoja wa ofisini aliyaelekezea simu yake maandishi yale, simu ikayatafsiri: kamera za mbele zimezibwa, safisha kioo. Ndipo nikajua kwamba gari lina macho. Pale juu, nyuma ya parabrizi, kioo kikubwa cha mbele, kila upande wa kile kioo cha kuangalia nyuma, kuna kamera. Kijana akanieleza, huku akifurahi kama gari ni lake, kwamba zinaangalia barabara pamoja na dereva. Ukikaribia mno kitu cha mbele, zinapiga kelele, na usiposikia, gari linafunga breki lenyewe. Na mukiwa mumesimama kwenye msururu, wa mbele yako akaondoka wewe ukabaki umezubaa, gari linakuita: mwenzio amekwenda, sogea.

Basi nikasafisha kioo. Nikasafisha kwa sabuni, kwa magazeti, kwa siki, hata kwa maji ya ndimu niliyoambiwa na jirani. Nilipanda juu ya kigoda uani nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Mama alikaa barazani na mguu wake juu ya kiti, akinitazama. Mara moja alininyoshea kitambaa kingine. "Chukua hiki, kile kimechafuka," akasema. Nikamshukuru. Kesho yake asubuhi taa ikawaka vilevile.

Mwishowe nililipeleka gari Buyenzi kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akitutengenezea magari tangu baba yu hai. Hakufungua hata kisanduku cha vyombo. Aliingia, akainama, akachungulia pale juu ambapo kioo kina ule utepe mweusi wa kuzuia jua, akacheka kwa pua.

"Madamu, nani aliifunga bandeji iyi gari?"

Nikainama na mimi. Katika kila jicho palibandikwa kipande cha sparadra, kimekatwa mviringo vizuri, pembe zake zimekandamizwa kwa kidole. Vidole vyangu ni vinene, pale ndani haviingii. Vya mama vilikuwa vyembamba kama vya mtoto.

"Nitoe?" fundi akauliza.

Nikamwambia aache. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Nadhani nilitaka kwanza nigombane na mtu.

Nilifika nyumbani nikiwa nimechemka. Nikamkuta mama anachambua maharagwe, nikamwambia, mama, umeniacha nisugue kile kioo mpaka majirani wakadhani nimerukwa na akili, hata kitambaa ukanipa. Hakukana. Aliendelea kuchambua, akatupa jiwe moja pembeni, akasema, "Siku ya kuinunua, muuzaji alisema iko na macho. We hukumusikiliza."

"Ni macho ya barabara, mama."

"Macho ni macho. Kitu kikiwa na macho mawili, kiko kinaona. Kikiona, kinapeleka kwa mutu."

"Kwa nani? Kwa Wajapani? Wajapani hawasikii Kiswahili."

"Kila mutu ana mutu wake anayemutafsiria," mama akasema.

Nilitaka kucheka, na nikaona uso wake hauna mchezo. Sisi watu wa mji huu tulipita katika miaka ya kunong'ona. Tulijifunza kutazama kwanza nani yuko nyuma kabla ya kufungua mdomo, na somo hilo halikufutika hata mambo yalipotulia. Nikamuuliza, haya, lakini wewe una siri gani, mwanamke wa kanisani na mguu mbovu, ambayo hutaki gari liione?

Akainua macho. Akatazama ukuta wa nyuma, ambako kuna aneksi, vile vyumba vya uani tulivyopangisha, na wapangaji wanasikia hata tukikohoa. Kisha akasema polepole, "Mi nataka mahali pa kusemea juu ya bucura. Hapa nyumbani siwezi."

Bucura ni mtoto wa mwisho. Ndivyo tulivyomwita mdogo wangu hata alipoota ndevu.

Alitoka Jumapili moja baada ya chakula, miaka mingi imepita sasa. Alivaa shati la bluu na kandambili, akasema anakwenda Nyakabiga kumwona rafiki na hakawii. Mwenye duka moja kule alimuuzia vocha ya simu, akamwona anavuka barabara. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Simu yake iliita kidogo jioni ile, kisha ikaacha kuita. Tulikwenda kote mtu anakokwenda akipotelewa na mtu: mahospitali, na zile ofisi ambazo unaambiwa urudi kesho, na mahali pale ambapo wanafungua droo moja baada ya nyingine na wewe unaomba Mungu isiwe yeye na papo hapo unaomba iwe yeye. Hatukumpata. Hatukupata hata kandambili.

Mtu akifa kwetu, kuna njia ya kupita. Mnazika, mnakaa matanga, na baada ya muda, pengine mwaka, watu wanakusanyika kwa siku inayoitwa kuganduka. Wanakunywa, mkubwa wa ukoo anasema maneno, na msiba unaondolewa juu ya familia. Kuanzia hapo mjane anaweza kuolewa, watoto wanaweza kucheza ngoma, na maisha yanaruhusiwa. Lakini ili uondoe matanga lazima kwanza uwe uliyaweka. Sisi hatukuyaweka. Tungeyaweka juu ya nini? Hapakuwa na mwili, hapakuwa na kaburi, hapakuwa na mtu wa kutuambia. Tukabaki mlangoni, hatuingii hatutoki.

Wamama wa kanisa walikuja kila Alhamisi kuomba arudi. Mama alisema Amina pamoja nao. Kila Jumapili, siku aliyoondoka, sahani yake iliwekwa mezani, na mama aliifunika kwa sahani nyingine ili chakula kisipoe. Mimi nilikuwa nikiitazama sahani ile nikajisemea, usimvunje moyo mzee, hilo tumaini ndilo linalomsimamisha. Kwa hiyo nikalitunza. Mtu akija na habari kwamba kaonekana Uvira, kaonekana Kigoma, mimi ndiye niliyepiga simu, na mimi ndiye niliyemwambia mama, bado, mama, lakini tunatafuta.

Sasa alikuwa ananiambia anataka mahali pa kumsemea. Nikaacha sparadra ikae.

Na kweli, ndani ya gari mama alikuwa mtu mwingine. Tunafunga vioo hata kama ni joto la kupika mkate, mwanamke wa Japani anasalimu, mama anamjibu, kengele inalia, taa inawaka, halafu mama anaanza. Hakusema mambo makubwa. Alisema bucura alichelewa kutembea, kisha siku moja akainuka na kwenda moja kwa moja kwenye chungu cha mchuzi. Alisema alikuwa anaogopa mbuni kwenye picha za kitabu cha shule. Alisema alivyomkuta amelala na viatu vipya miguuni. Mambo mengine nilikuwa nayajua, mengine nilikuwepo, na sikumkatiza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa dada tu.

Tukirudi kutoka Rohero aliniomba nipite Nyakabiga. Ilibidi nifike kwa upande wa juu, ili lile duka la vocha liwe kushoto, upande wa dirisha lake. "Polepole hapa," anasema. Napunguza mwendo mpaka motari wa nyuma, wale wa pikipiki za abiria, wananitukana. Mama anatazama mahali bucura alipovukia, pana mama mmoja anauza nyanya hapo siku hizi, na mama yangu anamsalimia mwanawe kwa sauti ya chini, anamwambia mguu unaendeleaje, nani kaoa, nani kahama. Kisha ananigusa goti. "Twende." Tukifika nyumbani anafunga mdomo, na hayo hayasemwi tena mpaka safari nyingine.

Siku moja ya mvua tulikaribia kuua mtu. Maji yalikuwa yanamiminika juu ya kioo, mwanamke mwenye beseni kichwani akaingia barabarani bila kutazama, na mimi nilikuwa nimegeuza uso nikimsikiliza mama. Nilimwona beseni likiwa limeshakaribia pua ya gari. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mkobo wa mama uliruka, rozari ikaangukia kwenye gia, na yule mwanamke akasimama mbele yetu katika mvua akitutazama kama sisi ndio tuliomtokea. Gari halikusema neno. Macho yake yalikuwa yamefungwa bandeji.

Nikaegesha kando. Nikamwambia mama, hii sparadra lazima itoke. Ile kitu iliwekwa ili watu wasife. Leo ningemwua mama wa watu kwa sababu ya woga wako.

Mama aliokota rozari, akaifuta matope kwa kitambaa chake. "Una haki," akasema. "Toa. Na mi nitafunga mudomo."

Hakusema kwa kunitisha. Alikuwa ananieleza tu mambo yatakavyokuwa. Nilikaa nikiisikiliza mvua, nikafikiria njia ya kurudi nyumbani mama akiwa kimya, na Nyakabiga tukipita bila kupunguza mwendo. Nikawasha gari. Kuanzia siku ile niliendesha kwa macho yangu mawili na hofu ya kutosha watu wanne. Mama akizungumza sikumtazama tena, nilitazama barabara.

Kisha esansi, mafuta ya gari, ikaadimika mjini, kama ilivyozoea kutufanyia. Yakisikika maneno kwamba stasio fulani ya mafuta inatarajia lori, watu wanakwenda kupanga magari, na msururu unazunguka mitaa hadi mwisho wake haujui mwanzo. Unakaa humo mchana kutwa. Watu wanauziana karanga, wanapatana, wanakosana, mtu anamwachia jirani ufunguo aende akaoge. Mimi nilipenda kwenda peke yangu na kitabu. Lakini siku ile mama alisema anakuja. Nikamwambia joto litamwua, na mguu utavimba. Akaingia, akafunga mkanda wake.

Tulikaa tangu asubuhi. Mama aliangalia mbele wakati mimi nasinzia, na gari la mbele likisogea ananigusa goti: "Wa mbele amekwenda, mama. Sogea." Nasogea hatua kidogo, nazima injini, nasinzia tena. Kazi ambayo gari lilipaswa kuifanya, aliifanya yeye, na aliifanya vizuri. Hakuna aliyetuingilia mbele.

Jua lilipokuwa la utosi akasema, "Siku mutatoa matanga yangu, mutoe na yake."

Nikadhani anaota. Nikamuuliza ya nani.

"Ya bucura."

"Mama, bucura hana matanga. Bucura atarudi."

"Apana," akasema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba chai bado ni moto. "Harudi. Mi niko mama yake. Ile Jumapili, jua likiwa linazama, tumbo langu lilinyamaza. Mutoto akiwa hai, hata akiwa mbali, mu tumbo munakuwa na kitu kinasikika. Kilinyamaza. Sijakisikia tena."

Nikamwambia, na zile sala za Alhamisi? Ulikuwa unasema Amina ya nini? Na sahani, mama? Miaka yote hii unaweka sahani mezani, unaifunika isipoe, ni ya nani kama unajua harudi?

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu wa uzee, na yalikuwa yamejaa huruma ambayo sikuielewa mara moja.

"Ile sahani ilikuwa yako," akasema. "We ndiye ulikuwa huwezi."

Nilishika usukani wa gari lililozimwa. Nje mtu alikuwa anauza maji ya vifuko. Nilikasirika, nasema wazi, nilikasirika sana, kama mtu aliyebeba gunia njia nzima kwa ajili ya mwenzake, kufika akaambiwa mwenzake naye alikuwa amebeba lake kwa ajili yake. Kila mmoja wetu alimficha mwenzake maiti moja.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema baadaye.

"Ningekuambia mbele ya nani? Mama akisema mutoto wake amekufa na hajamuona, watu watasema amemuchoka, amemuzika mwenyewe. Na we ungenichukia." Akavuta punje moja ya rozari. "Nilitaka nikuambie mahali pasipo na macho. Sema utatoa na yake. Niahidi."

Nilishindwa. Maneno yalikuwa mepesi, mtoto angeyasema, na mdomo wangu ulikataa. Nilijua nikisema ndiyo, basi mdogo wangu amekufa pale pale, kwenye msururu wa esansi, mchana, na karanga zinauzwa. Nikasema, "Mama, tuache." Mama akaniacha. Alishika goti langu kidogo, kisha akarudisha mkono kwenye rozari. Baadaye wakaja kutuambia kwamba esansi imekwisha, turudi siku nyingine, na magari yote yakaanza kugeuka.

Hakulisema tena. Safari zilizofuata alisimulia mbuni na viatu vipya kama zamani, na Nyakabiga alisalimia kama zamani. Kila nilipoegesha nyumbani nilihisi anangoja kidogo kabla ya kufungua mlango, ananipa nafasi. Mimi nilifungua wangu kwanza.

Alikufa katika miezi ya vumbi, kidonda kilipopanda juu ya kifundo na damu ikaingia uchafu. Alikufa kitandani mwake, mchana, mkono wake mkononi mwangu, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa sababu kuna mtu wa kwetu ambaye hakupata. Tulimzika. Niliona jeneza likishuka, nikatupa udongo wangu, nikasikia ulivyogonga mbao. Ni sauti mbaya sana. Lakini nikiwa nimesimama pale nikaelewa kwamba mama alikuwa ameikosa sauti hiyo kwa mwanawe, kwa miaka yote ile, na hakuwa na pa kulilia isipokuwa kwenye kiti cha kushoto cha gari langu.

Mwaka ulipokaribia kutimia tukafanya kuganduka. Watu walijaa uani, viti vya kukodi, kreti za bia, pombe ya ndizi ndani ya mtungi na mirija yake. Baba mdogo, ndugu wa baba aliyebaki, ndiye mkubwa wetu sasa. Alisimama na fimbo yake akasema yanayosemwa: kwamba tulilia na inatosha, kwamba marehemu alale na sisi tuamke. Wamama wa Alhamisi walikuwa wamekaa mstari wa mbele na vitenge vyao vya sare. Alipomaliza akauliza kama kuna mtu mwenye neno.

Nikainuka.

Nikasema, "Baba mdogo, leo tunatoa matanga mawili."

Kimya kikaanza mbele, kikaenda mpaka nyuma kwa wapishi. Baba mdogo akaniuliza ya pili ni ya nani, ingawa naamini alijua. Nikalitaja jina la mdogo wangu, jina lake kamili la ubatizo na la ukoo. Mmoja wa wale wamama akasema kwa sauti ndogo, "Lakini sisi bado tuko tunamuombea." Nikamwambia, najua, mama, na Mungu awalipe.

Baba mdogo alishika fimbo kwa mikono miwili. "Mutoto wangu, huyu hatukumuzika. Hatukukaa matanga yake. Tutatoa nini?"

"Tulikaa, baba. Mama alikaa. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza."

"Alikuambia yeye?"

"Aliniambia."

"Wapi?"

"Mu gari," nikasema, na hapo nikalia mbele za watu kama nilivyokuwa sijalia hata makaburini. Nililia kwa ajili ya shati la bluu. Nililia kwa ajili ya sahani. Watu waliniacha nilie, hakuna aliyenikimbilia, na baba mdogo alingoja mpaka nikaweza kusimama wima. Kisha akageukia mtungi, akamimina chini kidogo kwa ajili ya mama, akamimina tena, na akalitaja jina la bucura, na watu wote wakalirudia. Yalikuwa yamepita miaka sijalisikia likitajwa na watu wengi kwa pamoja. Baada ya hapo wakanywa.

Jumapili iliyofuata sikuweka sahani. Nilichukua mkasi mdogo wa mama na chupa ya spiriti kutoka mkobani mwake, nikaingia kwenye gari nikainama chini ya kile kioo. Vidole vyangu vilikuwa vinene vilevile, kwa hiyo nilitumia ncha ya mkasi, polepole, nikazibandua sparadra. Zilikuwa zimekauka na kuwa za kahawia. Gundi ilibaki, nikaisugua kwa spiriti na pamba mpaka kamera zikang'aa. Nilizikunja zile sparadra mbili katika kitambaa chake, na nikawasha.

Mwanamke akasema maneno yake. "Na we pia, mama," nikamwambia. "Tumeamuka." Taa ya chungwa haikuwaka. Kengele haikulia. Kimya kile kilikuwa kigeni kwangu, nikakaa kidogo nikikisikiliza, nikatoka.

Nilipita Nyakabiga kwa upande wa juu. Karibu na duka la vocha magari yalikuwa yamesimama, sijui lori gani limekwama mbele, na ikawa nimesimama papo hapo, mwuza nyanya kushotoni kwangu, na kiti kitupu kati yangu na dirisha. Sikufunga vioo. Macho ya gari yalikuwa wazi na yangu pia. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mama alivyokuwa akisema, "Bucura, mama amefika huko. Mguu hauumi tena." Nikasema, "Umekufa, mdogo wangu." Ndiyo mara ya kwanza niliyasema kwa mdomo wangu. Mwuza nyanya aliniangalia, akarudi kupanga nyanya zake.

Niliinamisha paji la uso kwenye usukani. Sijui nilikaa hivyo kiasi gani. Kisha ndani ya gari ikalia kengele, laini, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia tangu ninunue gari hili, na sikuelewa ni ya nini mpaka nilipoinua kichwa nikaona barabara mbele yangu iko tupu.

Wa mbele amekwenda, mama. Sogea.

Nikasogea.